Mfuko Mmoja, Maduka Mengi

Quartier Asiatique, jirani na Buyenzi jijini Bujumbura, nchini Burundi, ni mtaa uliokua kwa biashara ya Wahindi na Waarabu enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Duka la Mhindi la zama hizo, hapa kama kule Ujiji au Kigoma, lilitazama barabara. Nyuma yake waliishi babu, wanawe, wakwe na wajukuu. Mteja aliyeingia kununua khanga alimwona muuzaji mmoja. Waliobaki walikuwa nyuma ya ukuta, nao wote walikuwa kazini.

Mwanaanthropolojia Irawati Karve, katika kitabu chake cha mwaka 1953, aliitambua familia ya pamoja ya Kihindi kwa alama hizi: paa moja, jiko moja, mali moja, ibada moja na udugu. Babu au kaka mkubwa ndiye mwenye kauli juu ya fedha. Wadogo hawapokei mshahara. Hulishwa, husomeshwa na kuozwa kutoka mfuko uleule. Jikoni amri ni ya mama mkwe. Wake za wanawe hushika zamu: huyu chapati, yule dengu, wa tatu anaogesha watoto wote bila kuuliza ni wa nani. Bi harusi mpya ndiye mwenye kazi nyingi na sauti ndogo, mpaka mdogo wa mumewe naye aoe.

Mpango huo ndio uliofikisha biashara bara. Allidina Visram, mfanyabiashara wa Kutch, India, wa jamii ya Waislamu waitwao Khoja, alikuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo, akajifunza kazi kwa mfanyabiashara Sewa Haji, kisha maduka yake yakaenea hadi Uganda. Wafanyabiashara wadogo walipita njia hiyohiyo: kijana wa ukoo huitwa kutoka Gujarat, hutumika dukani kwa kula na kulala, halafu hupewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka mji wa mbele. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa zilipata njia ya kuvushwa katika Ziwa Tanganyika hadi Usumbura. Mdhamini wa kijana hakuwa benki. Alikuwa ami yake.

Kwa hiyo paa moja si kipimo cha kutosha. I. P. Desai, aliyeuchunguza mji wa Mahuva huko Gujarat, alionyesha mwaka 1964 kwamba ndugu waliotenganisha vyungu wanaweza kubaki wamefungwa na mali, madeni na wajibu. Katika nchi kama Burundi, iliyopitia vita kuanzia 1993 na vikwazo vya majirani kuanzia 1996 hadi 1999, ndugu aliye Dar es Salaam au Toronto ni wakala, mdhamini na pa kukimbilia.

Panapobana ni urithi. India ilirekebisha sheria ya urithi ya Wahindu mwaka 2005, ikampa binti haki sawa na kaka yake katika mali ya ukoo. Mahakama ya Juu ikaikazia mwaka 2020. Sheria hiyo haimhusu Khoja, kwa kuwa ni Mwislamu, na nchini Burundi urithi umeachiwa mila kwa muda mrefu. Hivyo binti anayeshika hesabu za duka leo hupangiwa fungu lake kikaoni, mbele ya baba na ami zake.