Paka Mweusi Ametoka Wapi?

Tuseme paka wako mwenye mistari amezaa usiku chini ya kitanda, na kunapopambazuka unakuta kati ya watoto wanne mmoja ni mweusi tititi. Dume la jirani, unalolishuku kuwa ndilo baba, nalo lina mistari. Huko Chato, kama ilivyo sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa, hatakosekana wa kukunong'oneza kwamba kitoto hicho kimetumwa, na kwamba yafaa kitupwe ziwani. Hatari kubwa zaidi ni pale kidole kinapogeuka kutoka kwa paka na kumwelekea bibi kizee wa nyumba ya pili. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kisa cha macho mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa kuni na samadi miaka nenda miaka rudi.

Jambo la paka huyo halina uchawi. Mistari ni vazi la asili alilorithi kwa babu yake, paka-mwitu wa Afrika, ambaye hata leo anaishi katika nchi yetu. Kila paka hubeba urithi wa rangi mara mbili, mmoja wa mama na mmoja wa baba, na ule wa mistari huufunika ule wa weusi. Wazazi wote wawili wakiwa na weusi uliofichika, kwa wastani mtoto mmoja katika wanne huzaliwa mweusi.

La ajabu hasa ni paka wa rangi tatu, yule unayemwona akizengea dagaa walioanikwa mwaloni. Mtazame vizuri: karibu kila mara ni jike. Rangi ya machungwa imo katika kromosomu ya X, na jike anazo mbili. Katika kila sehemu ya ngozi moja hulala na nyingine hufanya kazi, ndiyo maana huwa na mabaka. Mwaka 2025 wataalamu wa Japani na Marekani walichapisha chanzo chake: kipande kidogo tu kilichopotea katika kromosomu hiyo.

Mweupe mwenye macho ya buluu mara nyingi ni kiziwi, usimkasirikie asipoitika.

Na yule mweusi mwache anyonye. Akitimiza miezi mitatu, mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, pamoja na ndugu zake wenye mistari.