Eden Prairie, Marekani: Mgeni alale wapi?

Mji wa maziwa na vijito ulio kando ya Minneapolis huwavutia wageni wengi, wakiwamo jamaa wa Waafrika Mashariki waliohamia jimbo la Minnesota. Hata hivyo, chumba kilichopendeza kwenye picha chaweza kugeuka kifungo kwa mgeni ambaye hakuuliza mapema atafika majira gani na atatembea kwa chombo gani.

Mgeni anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul na kuelekea magharibi kwa barabara kuu ya 494 hufika Eden Prairie baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 20. Asipoambiwa kwamba ameingia mji mwingine huenda asitambue, kwa kuwa vitongoji vya eneo hilo vimeshikana kama vyumba vya nyumba moja. Lakini akiiacha barabara kuu na kuingia ndani, huanza kuyaona maziwa, miti ya mialoni, vijito na, upande wa kusini, magenge yanayolitazama bonde la mto Minnesota.

Jina lenyewe ni sifa. Lilitolewa mwaka 1852 na mwandishi Elizabeth Ellet, mwanamke aliyekuja kutoka New York na kuvutiwa na nyika hiyo hata akaifananisha na bustani ya Edeni. Ardhi ilikuwa ya Wadakota, ambao mwaka mmoja kabla, 1851, walitia saini mikataba ya kuiachia serikali ya Marekani sehemu kubwa ya kusini mwa Minnesota. Leo Edeni hiyo ni mji wa watu 64,198, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2020, na mwaka 2010 jarida la Money liliuweka wa kwanza katika orodha yake ya miji midogo iliyo bora kuishi nchini Marekani. Ajabu iliyopo ni kwamba kijito kinachopita katikati yake kinaitwa Purgatory, yaani toharani.

Picha na majira

Watu wa Unguja wanalijua vizuri tatizo la kuchagua hoteli kwa picha. Mgeni aliyeipenda Paje au Jambiani kwa kuona bahari ya buluu imefika mlangoni, huwasili maji yamekupwa na kukuta mchanga mtupu na kina mama wakishughulikia mwani, ilhali mwenzake aliyekwenda Nungwi anaogelea karibu saa yoyote. Mwenye hoteli hakudanganya. Picha ilipigwa maji yamejaa, basi.

Katika Eden Prairie maji hayapwi wala hayajai, bali majira ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Picha nyingi za maziwa ya Minnesota hupigwa kati ya Juni na Oktoba. Mwezi Juni jua huchwa saa tatu usiku, na familia hulizunguka Ziwa Staring kwa miguu na kwa baiskeli mpaka giza liingie. Mbu nao huwa wengi kipindi hicho, hata wenyeji hutania kwamba mbu ndiye ndege wa taifa wa jimbo lao, ingawa si mbu wa malaria. Nusu ya kwanza ya Oktoba ndipo majani ya miti hugeuka mekundu na ya dhahabu, nayo ni siku chache tu. Upepo mmoja wa usiku waweza kuyamaliza.

Desemba jua huchwa saa kumi na nusu jioni. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na kuna usiku ambao kipimo hushuka zaidi ya nyuzi 25. Maziwa huganda, na watu huweka vibanda juu ya barafu wakavua samaki kupitia tundu. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri mtu asitembee juu ya barafu isiyofikia unene wa sentimita 10. Hayo nayo yana uzuri wake kwa aliyejiandaa kwa nguo. Miezi ya kutiliwa shaka hasa ni Machi na mwanzo wa Aprili, wakati theluji inayeyuka, njia zina matope na miti ingali mitupu. Aliyelipa zaidi mwezi Machi ili apate dirisha la kutazama ziwa, amelipia uwanja wa rangi ya kijivu.

Dirisha au miguu?

Jambo linalowashangaza wageni wengi ni kwamba hoteli za Eden Prairie, kwa sehemu kubwa, haziko kando ya maziwa. Zimekusanyika karibu na makutano ya barabara kuu za 494 na 212, jirani na jengo la maduka la Eden Prairie Center. Sababu ni biashara. Mji huu ni makao makuu ya makampuni kama C.H. Robinson, linaloshughulika na usafirishaji wa mizigo, na Starkey, linalotengeneza vifaa vya kusaidia kusikia, na hoteli zilijengwa kwa ajili ya watu wanaokuja mikutanoni. Ndiyo maana katika vitongoji vya namna hii si ajabu chumba cha Jumamosi kuwa nafuu kuliko cha Jumanne, kinyume na mazoea ya Malindi au Bagamoyo. Mgeni mwenye nafasi ya kuchagua siku azilinganishe bei zote mbili kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Anayetaka kweli kulala kando ya maji huelekezwa kaskazini-magharibi, kwenye Ziwa Minnetonka, katika miji ya Excelsior na Wayzata. Huko utalii ni wa zamani. Mwaka 1882 tajiri wa reli James J. Hill alifungua hapo Hoteli Lafayette, iliyowapokea wageni wa majira ya joto mpaka ilipoteketea kwa moto mwaka 1897. Siku hizi sehemu kubwa ya ufuo imeshikwa na nyumba za watu binafsi, hoteli za ufuoni ni chache, na wakati wa kiangazi bei zake si za kila mtu.

Lakini zile hoteli za barabara kuu, zisizo na sura, zina faida ambayo picha haziionyeshi. Karibu kabisa na Eden Prairie Center ipo bustani ya Purgatory Creek, yenye ardhi oevu, ndege wa majini na njia ya kutembea. Mgeni aliye jirani nayo huamka asubuhi, akavaa viatu, akafika majini bila kumwomba mtu lifti. Kwa mzee aliyezoea kutembea kila siku, jambo hilo lina thamani kuliko ghorofa ya juu yenye dirisha kubwa. Kabla ya kulipa, ni vyema kuitazama ramani na kuona kama kati ya hoteli na bustani kuna njia ya waenda kwa miguu, kwa kuwa mita 500 za kuvuka barabara ya magari sita sambamba si sawa na mita 500 za kijijini.

Gari ndilo linaloamua

Uzuri wa eneo hili umetawanyika. Bustani ya miti na maua ya Chuo Kikuu cha Minnesota iko magharibi, karibu na Chaska. Paisley Park, iliyokuwa nyumba na studio ya mwanamuziki Prince na ambayo ilifunguliwa kwa watazamaji Oktoba 2016, miezi michache baada ya kifo chake, iko mji jirani wa Chanhassen. Chemchemi ya Miller, ambako watu hupanga foleni na madumu kuchota maji bure, iko kusini mwa Eden Prairie yenyewe. Mwenye gari huvizungukia vyote kwa siku moja. Asiye na gari huviona kwenye karatasi za matangazo.

Mabasi yapo, ya shirika la SouthWest Transit, lakini yalipangwa zaidi kwa wafanyakazi wanaokwenda Minneapolis asubuhi na kurudi jioni. Reli ya umeme ya mstari wa kijani inarefushwa kutoka katikati ya Minneapolis hadi Eden Prairie, umbali wa kilomita 23 hivi, na imepangwa kuanza kubeba abiria mwaka 2027 baada ya kuchelewa kwa miaka kadhaa. Mgeni asiyeendesha gari anaweza kufikiria kulala Bloomington, karibu na jengo la maduka la Mall of America, au katikati ya Minneapolis kwenyewe. Sehemu hizo zimeunganishwa na uwanja wa ndege kwa reli ya mstari wa buluu tangu mwaka 2004, naye akaenda Eden Prairie mchana kwa teksi au kwa gari la jamaa.

Hapo ndipo linapozuka kosa la kawaida kabisa. Jamaa husema kwa simu kwamba wanaishi "Minneapolis", na mgeni akachukua chumba penye jina hilo au karibu nalo. Kumbe jina hilo hutumika kwa eneo zima lenye watu zaidi ya milioni tatu. Wakenya wengi wako Brooklyn Park na Brooklyn Center, upande wa kaskazini, kilomita 30 hivi kutoka Eden Prairie. Wasomali, ambao jamii yao katika jimbo hili ni kubwa kuliko popote pengine nchini Marekani, na ambao baadhi yao walijifunza Kiswahili walipokuwa wakimbizi Kenya, wako mtaa wa Cedar-Riverside wa Minneapolis, na wengine wako Eden Prairie hapo hapo. Siku ya theluji kilomita 30 huwa safari. Aliyealikwa harusini na aulize harusi iko mji gani, kwa jina lake kamili.

Hoteli ya nini, na mwanangu yuko?

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki swali lote hili laweza kuonekana la kizungu. Mzazi ana mwanawe Eden Prairie. Kumpeleka hotelini ni kumfukuza. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mama aliyetoka Kisii au Tanga huwa amekwisha shika ufagio siku ya kwanza, au sepetu ya kuondolea theluji iwapo ni Januari.

Ugumu huja baada ya wiki chache. Anayeingia kwa viza ya matembezi kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi miezi sita, na mikataba mingi ya nyumba za kupanga huweka kikomo cha siku ambazo mgeni aweza kulala humo bila mwenye nyumba kuarifiwa. Mwana anayekiuka sharti hilo kwa heshima ya mamaye anahatarisha nyumba ya wote wawili. Zaidi ya hayo, wenyeji hutoka alfajiri kwenda kazini, wengine zamu mbili, na mzazi hubaki peke yake katika mtaa ambao hakuna anayepita kwa miguu. Kwa ziara ndefu, basi, jirani ya nyumba ni muhimu kuliko nyumba: kama kuna msikiti au kanisa, duka na bustani vinavyofikika bila gari. Wapo wanaochukua kwa siku chache hoteli yenye jiko dogo chumbani wakati ndugu wengi wanapokutana, ili chai na ugali viendelee na watoto wapate pa kulala. Anayefikiria kupanga nyumba ya mtu kwa siku chache aiulize kwanza halmashauri ya mji husika, maana sheria za jambo hilo hutofautiana.

Malipo nayo yataka hadhari. Tangu Januari 2025 sheria ya Minnesota inataka ada zote za lazima ziwemo katika bei inayotangazwa, lakini kodi bado huongezwa mwishoni: ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.875, na juu yake huja za wilaya na za mji. Hoteli pia huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi ya mgeni kama dhamana wakati wa kupokea ufunguo. Mwenye noti mkononi au kadi yenye salio dogo huweza kukataliwa hata kama chumba kimekwisha lipiwa na ndugu yake.

Na kubwa kuliko yote ni viza. Juni 2025 Rais Donald Trump alitangaza kuwazuia raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani, Somalia ikiwamo, na masharti yaliendelea kubadilika baada ya hapo. Chumba cha bei nafuu kisichorudishiwa fedha kinaweza kuwa ghali kuliko vyote iwapo ubalozi utasema hapana. Ni salama zaidi kuchukua nafasi inayoweza kufutwa, hata kama ni dola kadhaa juu, mpaka pasipoti irudi na viza ndani yake.

Fomu ya maombi ya viza yenyewe huuliza anwani ya mahali mwombaji atakapokaa, na ofisa wa uhamiaji aweza kuiuliza tena uwanjani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Minneapolis. Wengi hupitia Amsterdam na kufika wamechoka, simu zimezimika. Anwani hiyo, pamoja na namba ya posta, ambayo kwa Eden Prairie ni 55344, 55346 au 55347, na namba ya simu ya mwenyeji, iandikwe kwa kalamu kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya pasipoti.