Je, Wajua? Tundu jembamba linaloizima pikipiki

Pikipiki iliyolala miezi kadhaa huwaka kwa choki, lakini ukirudisha tu choki, inazima. Mara nyingi mkosaji ni tundu moja ndani ya kabureta, lenye upana usiofika nusu milimita. Ndilo linalolisha injini inaponguruma bila resi.

Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi hupaa. Kinachobaki ndani ya bakuli la kabureta ni utandu wa kahawia unaonata kidoleni, kunuka kama rangi iliyochacha na kuziba tundu hilo. Ukijaza tangi petroli mpya ya kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, utandu haujali.

Legeza skrubu ya chini ya bakuli, umwage mafuta yote. Kisha fungua bakuli ulifikie tundu, ulipulize kwa pampu ya fundi wa matairi. Waya wa chuma, hapana! Utalipanua, na injini itakunywa petroli kupita kiasi.

Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, kosa hilo huuma zaidi. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Kwa hiyo kabureta ileile iliyotulia mjini Beni, chini mamia ya mita, hapa tayari inazidisha mafuta.