Kiti cha Pipa Kinauzwa Bei Gani? Hesabu za Samani za Chakavu Karatu

Malori yanayotoka Arusha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu na kuingia Karatu na karibu kila kitu ambacho loji za Ngorongoro hutumia: unga, bia, vilainishi, vigae, mabati. Yakirudi hubeba vitunguu vya Mang'ola. Kisichorudi ni mapipa matupu, paleti, chupa za mvinyo na matairi ya magari ya utalii yaliyoliwa na kokoto za njia ya Serengeti. Hayo ndiyo malighafi ya samani za rangi kali: viti vya pipa, meza za paleti, stuli za tairi lililosukiwa kamba.

Wateja wapo. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,808,205 mwaka 2023, na mwaka uliofuata idadi ikapita milioni mbili. Wengi wa mzunguko wa kaskazini hulala Karatu au kwenye ukingo wa kreta, na loji nyingi zinataka baraza isiyofanana na ya jirani. Swali la biashara ni kama fundi anabaki na kitu mfukoni.

Taka zina wenyewe

Anayeingia kwenye kazi hii akidhani malighafi ni ya bure hushtuka mapema. Pipa la lita 200 linagombewa na wanaohifadhi maji na wanaotengeneza majiko. Tairi kuukuu lina mteja wa siku nyingi, mshona makatambuga. Paleti ikikosa fundi huishia jikoni kama kuni. Hata chupa hutofautiana: ya bia na soda hurudi kiwandani kwa kreti, ya mvinyo haina pa kurudi, na hiyo ndiyo inayomfikia fundi.

Kila malighafi ina masharti yake. Paleti iliyopigwa muhuri wa HT imetibiwa kwa joto. Yenye MB imefukizwa dawa ya methyl bromide na haifai kuwekwa sebuleni. Pipa lililobeba petroli au kemikali huweza kulipuka likiguswa na cheche za grenda, kwa hiyo lisilojulikana lilibeba nini ni heri kuliacha.

Rangi, msasa na mikono

Tufanye hesabu ya mfano. Pipa shilingi 40,000. Praima, rangi ya mafuta, msasa na diski za grenda 35,000. Mto na kitambaa chake 25,000. Fundi siku mbili, kwa 20,000 kila siku. Jumla ni 140,000. Mnunuzi akisema "hii si taka tu?" na kutoa 150,000, karakana imebaki na 10,000 za kulipia umeme, pango na usafiri. Katika mfano huo pipa ni chini ya theluthi ya gharama. Anayepanga bei kwa kutazama pipa anauza siku mbili za fundi kwa hasara.

Rangi haina njia ya mkato. Kutu isiposuguliwa hadi chuma king'ae, rangi huanza kubanduka kabla msimu haujaisha, na jua la nyanda za juu huchujua nyekundu upesi. Kiti kikirudishwa, faida ya viti kadhaa imekwenda.

Mtalii hanunui kiti

Kosa la pili ni kumngoja mtalii barabarani. Ndege ndogo zinazoruka kwenda Serengeti kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu za mizigo. Atanunua bangili au bilauri. Kiti atakipiga picha. Shanga, karakana ya Arusha iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, inayeyusha chupa kuwa bilauri na mapambo, vitu vinavyoingia begini. Samani zenyewe mteja wake ni loji.

Loji nayo ina kalenda yake. Hukarabati wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache, na hutaka kila kitu kiwe tayari kufikia Juni. Kwa hiyo oda huja wakati ambapo mvua na ukungu wa Karatu hufanya rangi ya mafuta ikauke kwa kusuasua. Karakana yenye banda lililoezekwa na akiba ya mapipa yaliyokwisha kusafishwa ndiyo inayowahi. Loji pia hutaka risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD), na nyingine hulipa baada ya wiki kadhaa. Fundi asiyeweza kutoa risiti hupitia kwa mzabuni wa kati, na tofauti ya bei hubaki huko.

Mteja mmoja, hatari moja

Mwaka 2020 uliwapa mafundi somo. Watalii walishuka kutoka 1,527,230 mwaka uliotangulia hadi 620,867, na loji isiyo na wageni haibadilishi viti. Soko la pili liko karibu: baa, migahawa, saluni na shule za awali za mjini Karatu. Hizo hulipa pungufu, lakini hazisubiri msimu.

Mtaji upo kwa wanaojipanga. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mafundi watano kingefanya vyema kuzielekeza fedha hizo kwenye banda la kukaushia rangi na mashine ya risiti. Mapipa yanaweza kununuliwa kidogo kidogo. Oda ya Aprili haimsubiri asiye na pa kukaushia.