Umefika Ujerumani juzi? Jumapili panda treni, usijifungie

Umetoka Khwisero juzi tu, na Ujerumani unayoijua ni njia ya kutoka kitandani hadi kazini. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Simu inalia kutoka nyumbani, na ukisema umechoka hawaamini, maana kwao wewe uko majuu. Hebu sikia, mtu wangu: panda treni asubuhi, uone mji mwingine, urudi jioni.

Najua utasema pesa. Haya, tupige hesabu. Sikumaliza chuo, lakini hii naiweza.

Kuna tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Ukiwa nayo unapanda basi, tramu na treni za mikoani nchi nzima. Kama tayari unayo ya kwendea kazini, safari ya Jumapili haikuongezei hata senti. Ila chunga: inajirudia kila mwezi. Ukitaka kuacha, ikatize kufikia tarehe 10, la sivyo mwezi ujao wanakata tena.

Kama huna, tafuta wenzako. Majimbo mengi yana tiketi ya siku, Länder-Ticket, ambayo watu hadi watano hutumia pamoja. Siku za kazi huanza saa tatu asubuhi, wikendi hata usiku wa manane. Andikeni majina yenu kwenye tiketi.

Sasa mtego uko hapa. Tiketi hizi haziingii kwenye ICE, IC wala EC, zile treni za masafa marefu. Wewe tafuta RE, RB au S. Ukinaswa bila tiketi halali, faini huanzia euro 60, na mkaguzi hana haja na hadithi ya ugeni. Neno Gleis kwenye ubao ni namba ya reli unapofaa kusimama. Halafu soma maandishi kwenye behewa lenyewe, kwa sababu treni nyingine hukatwa njiani, nusu ikaenda huku, nusu kule.

Na usidhani kila treni ya Mjerumani hufika kwa dakika. Mwaka 2024, treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati zilikuwa kama asilimia 62 tu. Kwa hivyo usingoje treni ya mwisho kama Jumatatu una zamu ya alfajiri.

Sisi wa Kisa reli tunaijua. Ile ya Kisumu kwenda Butere, ya miaka ya 1930, inapita Yala na Namasoli. Wazee waliipanda kwenda kutafuta riziki mbali. Labda ndiyo maana ukilipia siku moja ya kutazama dirishani tu, unahisi kama umewaibia watu wa nyumbani.

Hujawaibia, bana. Mtu anayejifungia chumbani miezi sita huishia kuugua mawazo, na akilala kitandani hiyo pesa ya kutuma haitoki.

Beba chai kwenye thamosi na mkate. Chagua mji ulio mwendo wa saa moja hivi. Mama akipiga, mwambie ukweli: leo uko kwenye treni, unatembea.