Shanta Kubwa na Mgongo wa Mfanyakazi



Kwa muda sasa wenzetu wamekuwa wakituuliza swali moja kila tunapokutana nao hapa Ruharo: ni shanta ya namna gani inayomfaa mtu abebaye mzigo mzito shambani na njiani? Waulizaji ni wabeba miche na mbolea katika mashamba ya migomba ya Isingiro. Ni wenzetu wa majani ya chai upande wa Bushenyi. Na wengi wao ni vibarua wakaao Nakivale, ambao hufuata kazi wiki moja hapa, wiki mbili kule, na kila walicho nacho kimo mgongoni: panga, sufuria, blanketi, unga wa siku chache. Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu, nasi tunajibu.

Lakini kabla hatujasema habari za shanta, sharti tuseme habari za uzito. Maana tumeona jambo la ajabu. Mtu akipata shanta kubwa, msimamizi naye hupata mahali pa kutia zaidi.

Kila mtu wa Nakivale anaujua uzito wa kilo 20, hata kama hajawahi kuona mizani. Ni jerikeni moja ya maji iliyojaa, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Basi hicho ndicho kipimo chetu. Mkiambiwa mzigo ni "mdogo tu", ulizeni ni jerikeni ngapi. Mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 ni jerikeni mbili na nusu. Nani kati yetu atapanda kilima cha Isingiro na jerikeni mbili na nusu mgongoni, arudi, apande tena mara kumi, halafu kesho aamke na mgongo uleule?

Sasa tazameni hesabu ya shanta. Shanta hupimwa kwa lita, na lita ni nafasi, si uzito. Zile shanta kubwa za watalii, tunazoziona zikiuzwa kwenye mitumba mjini Mbarara, nyingi ni za lita 60, 70, hata 80. Mtalii huijaza nguo, hema na blanketi la kulalia, vitu vyepesi vyenye kuchukua nafasi, na uzito wake haupiti kilo 20 kwa kawaida. Shanta hiyohiyo ya lita 70 ukiijaza punje za mahindi hadi juu, umepata kilo 50 au karibu yake. Ukiijaza mbolea, usiulize. Haikushonwa kwa kazi hiyo, na wewe hukuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo jibu letu la kwanza litawashangaza wengine: ikiwa unachobeba ni kizito kwa asili yake, kama mbolea, nafaka au vyuma, usitafute shanta kubwa. Tafuta ya wastani iliyo imara, ambayo ikijaa utakuwa bado unaweza kutembea. Shanta kubwa ni ya yule kibarua anayehama na blanketi lake.

Habari ya mizigo katika nchi zetu ni ya zamani, na si njema. Wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa walihesabiwa mzigo kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili. Halafu vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Waingereza waliandika watu kwa mamia ya maelfu wawe wachukuzi wa jeshi, wengi kwa nguvu, na kwa hesabu ya Waingereza wenyewe waliokufa walipita 40,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililogeuka likawa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Watu hununua nyanya pale kila siku bila kujua kwamba wanataja jina la wabeba mizigo.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo mahali ambapo wafanyakazi walisema. Kwenye mlima Kilimanjaro mpagazi amewekewa kikomo cha kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani kwenye lango kabla ya kupanda. Wapo waajiri wanaokwepa mizani hata huko, lakini mizani ipo, na mtu anaweza kuionyesha kwa kidole. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 mwaka 1967, unaosema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya yake au usalama wake. Pendekezo lililofuatana na mkataba huo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima kuwa mpaka usiopasa kupitwa, na uzito ulio mdogo sana kuliko huo kwa wanawake na vijana. Sisi twaona kilo 55 ni nyingi mno. Nchini Uingereza leo wakaguzi wa kazi huwaelekeza waajiri kwamba mzigo wa kunyanyuliwa karibu na kiuno ukipita kilo 25 kwa mwanamume, au 16 kwa mwanamke, kazi ile ichunguzwe kwanza. Mgongo wa Mwingereza na mgongo wa mtu wa Ankole umetengenezwa kwa mifupa ileile.

Haya, tuje kwenye shanta yenyewe.

Jambo kubwa kupita yote ni mkanda wa kiunoni. Watu wengi hudhani shanta hubebwa na mabega. Sivyo. Mabega ni ya kuizuia isianguke nyuma, lakini sehemu kubwa ya uzito inapaswa kukaa juu ya mifupa ya nyonga, ambayo ndiyo mifupa minene ya mwili na chini yake kuna miguu yenye nguvu. Shanta isiyo na mkanda mpana wa kiunoni, wenye sponji ngumu ndani, si ya mzigo mzito hata iwe na mifuko ishirini. Ule mkanda mwembamba kama wa suruali ni wa kuzuia shanta isichezecheze tu, haubebi kitu.

La pili ni urefu wa mgongo wako. Si urefu wako wewe mzima, maana wako watu warefu wenye miguu mirefu na mgongo mfupi. Pima hivi. Inamisha kichwa, mwenzako aguse kile kifundo cha mfupa kinachojitokeza chini ya shingo. Halafu weka mikono kiunoni, usikie ule ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga upande huu na huu. Kamba ishuke kutoka kwenye kifundo hadi usawa wa ukingo huo. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimeta 40 na 55. Nenda na kamba hiyo sokoni. Iweke mgongoni mwa shanta, kutoka pale mikanda ya mabegani inapoanzia hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Zikilingana au kukaribiana, jaribu. Shanta ikiwa ndefu mno, mkanda utashuka kwenye makalio. Ikiwa fupi, utapanda tumboni na kukubana pumzi. Muuzaji atakuambia, "Hii inamtosha kila mtu." Mwache aseme, wewe fuata kamba yako.

La tatu ni fremu. Bonyeza mgongo wa shanta kwa kiganja. Ukikunjika kama gunia, ndani hamna kitu, na vitu vyote vitakuchoma uti wa mgongo. Shanta nzuri ina fito mbili za alumini au ubao mwembamba wa plastiki unaoupa umbo. Zile za zamani zenye fremu ya nje ya mabomba hazipendezi macho, lakini kwa mtu wa shamba zina faida yake: unaweza kuvua mfuko ukafunga jerikeni au mzigo wa kuni kwenye fremu yenyewe, na hewa inapita mgongoni.

Kisha kagua mishono, hasa pale mikanda ya mabegani inaposhonwa juu. Hapo ndipo shanta za mitumba hufia. Uzi uwe umepita mara kadhaa, si mstari mmoja. Funga na fungua kila bizimu. Zipu mbovu hutengenezwa kwa bei ndogo, lakini mkanda uliong'oka njiani, na kilo 20 ndani yake, unaweza kukuangusha bondeni. Fundi viatu akiongeza mshono wa uzi wa nailoni kabla hujaanza kuitumia, umefanya vizuri.

Wala usinunue shanta tupu. Shanta tupu zote ni nzuri! Mwombe muuzaji atie kitu kizito, mawe au mfuko wa sukari, kilo kama 15. Legeza mikanda yote. Vaa, funga mkanda wa kiunoni kwanza juu ya mifupa ya nyonga, ndipo uvute ya mabegani, na mwisho kile kikanda cha kifuani. Tembea huku na huku kwa robo saa. Ukiweza kupitisha kidole chini ya mkanda wa bega bila taabu, basi nyonga zinafanya kazi yao. Muuzaji akikataa, wako wengine.

Kuna wenzetu kutoka Kivu watakaosema kwamba mama zao walibeba kwa ukanda wa kipaji cha uso tangu zamani, magunia mazito kupanda vilima vya Bukavu, na hawakupima mgongo kwa kamba. Ni kweli walibeba. Lakini waulizeni akina mama hao habari za shingo zao. Tena watu wa Goma ndio hao hao waliotufundisha chukudu, ile baiskeli ya mbao ibebayo mamia ya kilo mtu akiisukuma. Kwa maoni yetu, palipo na njia, toroli au chukudu inashinda shanta yoyote ya dunia, na lingekuwa dai la kwanza la kila kikundi cha wafanyakazi kabla ya kuomba mabegi.

Nani alipe? Tunamjua mwajiri mmoja, jina tunaliacha, aliyewagawia vibarua shanta za rangi nzuri, kisha akakata bei yake katika mshahara. Zilikuwa begi za watoto wa shule zilizokuzwa tu: vikamba vyembamba, kiunoni hakuna kitu, mgongo mtupu. Kibarua mmoja alianza kuona ganzi katika mkono wa kulia, kisha akawa hawezi kuinua bega. Msimamizi alisema ni uvivu. Sisi twasema ni ugonjwa unaojulikana na waganga: mkanda mwembamba unapokandamiza bega kwa muda mrefu, huibana mishipa ya fahamu iendayo mkononi. Aghalabu hupona mtu akiacha kubeba, lakini huchukua wiki au miezi, na akilazimishwa kuendelea huzidi. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Shanta ya kazi ni chombo cha kazi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, wa Shirika lilelile, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Nayo Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimwachi mwajiri akate mshahara anavyopenda. Na ndugu zetu wa Nakivale wasiogope kusema. Nakivale si ya jana. Ilifunguliwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda, na leo inao watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki yao ya kufanya kazi nchini. Anayewaambia, "Nyinyi ni wageni, bebeni tu," anatafuta mgongo wa bei rahisi.

Ukisikia ganzi, au maumivu yanayoshuka mguuni, tua mzigo siku hiyohiyo. Mwarifu msimamizi mbele ya shahidi, nenda kwenye zahanati, na tarehe iandikwe. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahusu mtu aliyeumia kazini, lakini bila karatasi utabaki na maneno matupu.

Machache ya upakiaji. Kitu kizito kikae katikati, kimegusana na mgongo. Chini weka blanketi. Ukiweka uzito nje, mbali na mgongo, shanta itakuvuta nyuma na wewe utainama mbele kutwa nzima. Tandika mfuko wa plastiki ndani kwa ajili ya mvua. Usiinue shanta kutoka chini kwa mkono mmoja na kujizungusha. Iweke kwanza juu ya kisiki au ukuta, au mwenzako akushikie. Ukivuka mto au tope la bonde, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani, ili ukiteleza uweze kuuvua mzigo upesi. Na shanta iliyobeba dawa za kupulizia isibebe unga hata siku moja, hata ikioshwa. Itieni alama ya rangi nje, hata asiyejua kusoma aione.