Bi Mkubwa Yuko Marekani? Kagua Kwanza Vidonge Vyake!

Kuna mshikaji wangu yuko majuu, Minneapolis, anabeba boksi usiku na mchana. Bi mkubwa wake anaishi naye huko mwaka wa saba sasa, ana presha na sukari. Alipotimiza miaka 65, mshikaji akaambiwa amkatie bima ya dawa ya serikali. Akatazama bei, akachukua ile ya chee kuliko zote, akalala zake. Mwezi uliofuata anafika duka la dawa, anaambiwa kidonge cha presha cha mama hakimo!

Wengi wanaingia mkenge hapo hapo.

Bima yenyewe inaitwa Part D, ni tawi la Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Rais George W. Bush aliisaini sheria yake mwaka 2003, ikaanza kazi Januari 2006. Serikali inatoa mkwanja na kuweka masharti, lakini wauzaji ni makampuni binafsi, na kila kampuni ina orodha yake ya dawa. Ndiyo maana ada ndogo ya mwezi inaweza kukutoa jasho kaunta. Unaweza kuinunua peke yake juu ya Medicare ya kawaida, au ndani ya kifurushi kinachoitwa Medicare Advantage. Kwenye kifurushi, mara nyingi mama anabanwa kwa madaktari wa kampuni hiyo tu. Hilo uliulize mapema.

Sasa mahesabu. Kwa mwaka 2026 kampuni inaweza kumwachia mzee dola 615 za mwanzo alipe mwenyewe, baada ya hapo anachangia kama robo ya bei. Akishafikisha dola 2,100 kwa mwaka, halipi tena mpaka Januari. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Raha, siyo? Ila yote hayo ni kwa dawa zilizomo kwenye orodha tu. Isiyokuwamo unainunua kivyako, na wala haihesabiwi.

Na usizubae. Mzee anayefikisha miaka 65 ana miezi saba ya kujiandikisha: mitatu kabla, mwezi wenyewe, na mitatu baada. Akikaa bila bima ya dawa inayokubalika, anaongezewa asilimia 1 kwa kila mwezi aliochelewa, tena maisha yake yote. Miaka miwili ya uzembe ni kama dola 9.40 kila mwezi kwa ada ya 2026. Mama mwenye kadi ya kijani, ambaye yeye wala mumewe hawajafanya kazi huko, lazima kwanza aishi Marekani miaka mitano mfululizo. Mwenye kipato kidogo aombe Extra Help, inapunguza makali sana.

Mshikaji alimrudia daktari, akaiandikia kampuni kuomba dawa ile ikubaliwe. Maelezo ya daktari yakifika, kampuni ina saa 72 kujibu. Walikubali.

Safari hii amemwaga pochi ya bi mkubwa mezani, akaandika jina la kila kidonge, miligramu na mara ngapi kwa siku. Anasubiri Oktoba 15, dirisha la kubadili likifunguliwa, aingize orodha hiyo kwenye tovuti ya Medicare alinganishe. Dirisha linafungwa Desemba 7.